Msitupe vipande vya mifupa "visivyotambulika" (uzi wa mawindo ya kale)

Mwana wa Bucha:

Wakuu, habari za jioni. Jambo hili nimekaa nalo miaka mingi. Leo mvua imenifungia ndani hapa Buguruni, acha nilitoe.

Baba yangu ana bucha. Tangu darasa la nne nimesimama pembeni ya gogo lake, na mpaka leo ukiniwekea paja la mbuzi na paja la kondoo bila ngozi nitakutajia lipi ni lipi kabla hujamaliza kuuliza. Kwa hiyo nilipokwenda Mlimani kusoma akiolojia, na siku moja tukawekewa trei ya mifupa kutoka pangoni, mabaki ya chakula cha wawindaji wa zamani, nilijua hapa nimefika nyumbani. Nikaanza kupanga. Jino hili nyati. Kifundo hiki swala. Baada ya robo saa nikakwama. Sehemu kubwa ya trei ilikuwa vijiti vya urefu wa kidole, kingo kali, havina kichwa wala kiungo. Ujuzi wote wa bucha haukunisaidia kitu.

Waliovivunja ni wawindaji wenyewe. Mtu aliyehangaika kutwa nzima kumpata mnyama hakuacha kitu. Nyama ikiisha, mfupa uliwekwa juu ya jiwe ukapigwa kwa jiwe lingine ili uloto utoke. Usiku fisi akaja kuchukua chake, halafu jua na mizizi vikamalizia.

Miaka kadhaa baadaye nilifanya kibarua kwenye uchimbaji mmoja. Mwisho wa msimu, vipande visivyotambulika vilipimwa kilo, namba ikaandikwa daftarini, vikamwagwa shimoni na kufukiwa. Gunia lile nililibeba mimi. Sikusema neno kwa sababu sikujua. Ningejua ninachokijua leo, nisingelishusha begani.

Vipande vile vinaweza kumtaja mnyama. Ndani ya mfupa kuna vitu viwili vinavyobaki hata umbo likipotea. Kimoja ni vinasaba, yaani DNA. Mnyama akifa, uzi wake wa vinasaba huanza kukatika, na baada ya maelfu ya miaka unabaki vipande vifupi sana, mara nyingi herufi 30 hadi 70 (uzi huo huandikwa kwa herufi nne tu: A, C, G na T). Maabara hutoboa mfupa, huchukua unga kidogo, huyeyusha madini, hukamata vipande hivyo na kuvisoma, kisha huvilinganisha na vinasaba vya wanyama wanaojulikana. Cha pili ni kolajeni, protini ile ile inayofanya supu ya makongoro igande ikipoa. Kolajeni huvumilia joto kuliko vinasaba, na hutofautiana kidogo kati ya kundi moja la wanyama na jingine. Mashine ikipima uzito wa vipande vyake unapata kitu kama alama ya kidole. Ni nafuu zaidi pia, ingawa wanyama walio ndugu wa karibu mara nyingine njia hii huwachanganya.

Mwaka 2013 watafiti wa Australia walifanya jambo lililonifanya nikumbuke gunia langu. Walichukua vipande vidogo visivyotambulika kutoka mapango ya kusini-magharibi mwa nchi yao, wakavisaga vingi kwa pamoja, wakasoma vinasaba vya ule unga mchanganyiko. Wakapata orodha ya wanyama. Kutoka kwenye takataka!

Na hata vile tunavyodhani tumevitambua kwa macho, tunakosea. Pango moja la Namibia liitwalo Leopard Cave lilitoa mifupa iliyosemekana ni ya kondoo wa kale. Mwaka 2020 protini zilipopimwa, kumbe ni springboki, swala wa huko kusini. Lesotho nako, eneo la Sehonghong, mwaka 2016 DNA ilionyesha mifupa iliyohesabiwa kuwa ya mifugo ni ya wanyama wa porini.

Karibuni tujadiliane.

Kigoda Mbele:

Mkuu nimeshusha mkeka hapa, siondoki. Ila nisaidie mtu wa kawaida: kondoo au swala, si wote waliliwa? Ugomvi uko wapi?

Mwana wa Bucha:

Ndugu, ugomvi ni mkubwa. Kondoo si mnyama wa Afrika, asili yake ni Asia ya magharibi. Ukimkuta pangoni Namibia, maana yake ufugaji umeshafika huko, na watu wa pango lile ama wanafuga, ama wanabadilishana na wafugaji, ama wanawaibia. Ukikuta springboki, hao ni wawindaji kama babu zao. Mfupa mmoja ukipewa jina lisilo lake, historia ya watu wa eneo zima inasogea karne kadhaa.

Fundi Sampuli:

Mimi niko maabara ya hospitali hapa mjini, PCR, yaani kunakili DNA mara nyingi mpaka ionekane, ndiyo kazi yangu ya kila siku, na tangu Korona hata wagonjwa wanaijua. Naomba niulize kwa uzito: mnajuaje kwamba hiyo DNA ya mbuzi haikutoka kwenye mchuzi alioula mchimbaji mchana? Sisi sampuli ya jana tu hutuchafukia.

Mwana wa Bucha:

Swali la mtu wa kazi. Na tatizo ni kubwa kuliko mchuzi. Mwaka 2007 ilichapishwa kazi iliyoonyesha kwamba dawa zenyewe za PCR, zikitoka kiwandani zimefungwa, huweza kuwa na DNA ya ng'ombe, nguruwe na kuku, kwa sababu baadhi ya viambato hutengenezwa kutokana na wanyama hao. Fikiria umesoma mifupa ya pangoni ukatangaza umepata ng'ombe wa kwanza wa eneo, kumbe ng'ombe alikuwa kwenye chupa.

Ndiyo maana chumba cha vinasaba vya kale hutengwa na chumba cha PCR, ikiwezekana jengo tofauti. Watu huvaa kama wanaingia upasuaji, meza husafishwa kwa bleach na kumulikwa mionzi ya urujuanimno. Kila mara hupimwa pia sampuli tupu isiyo na mfupa. Ikitoa mnyama, kazi yote ya siku hiyo ni ya shaka.

Lakini kitu kilichonipendeza zaidi ni kwamba uozo wenyewe ni shahidi. DNA ikizeeka, herufi C zilizo kwenye ncha za vipande huharibika zikasomeka kama T. Ya mchuzi wa jana haina alama hiyo.

Fundi Sampuli:

Hii ya C kuwa T nimeielewa na nimeridhika. Asante sana.

Binti Jambiani:

Assalam alaykum. Mie kwetu Jambiani ingawa sasa nakaa Temeke. Pango la Kuumbi liko kwetu, tangu wadogo tunalijua kama pahala pa kuombea. Walipokuja kuchimba tuliambiwa wameona mifupa ya punda milia. Babu alikataa katakata, kisiwani petu hapajawahi kuwa na punda milia. Ilikuwaje?

Mwana wa Bucha:

Waalaykum salaam dada yangu. Babu hakukosea kwa kisiwa anachokijua. Wakati punda milia wale wanaliwa, Unguja haikuwa kisiwa. Enzi za barafu maji mengi ya dunia yaliganda huko kaskazini, bahari ikashuka, na kutoka huku bara ungefika Jambiani kwa miguu. Pango lilianza kuchimbwa 2005 na Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na timu nyingine zikafuata. Tabaka za chini, za karibu miaka 20,000 iliyopita, zina wanyama wakubwa wa bara kama punda milia na nyati. Barafu ilipoyeyuka bahari ikapanda, njia ya nchi kavu ikakatika, na wanyama wakubwa wakabaki wamezingirwa kwenye ardhi finyu pamoja na watu. Kadiri unavyopanda kwenye tabaka za juu wanapotea. Wanabaki wale mnaowajua: paa, kima, pelele, panya buku.

Wanyama hao walitambuliwa kwa maumbo ya meno na mifupa. Ila pwani yetu vinasaba na kolajeni vimetumika kwa kuku na panya. Kulikuwa na hoja kwamba kuku alifika visiwani maelfu ya miaka iliyopita. Kazi iliyotoka 2017, iliyounganisha DNA, kolajeni na tarehe za kaboni, ikaonyesha kuku na panya weusi kutoka Asia wanaingia huku katika nusu ya pili ya milenia ya kwanza baada ya Kristo, si kabla ya hapo. Kifupa cha kuku pori kama kanga au kwale ukikitazama kwa macho ni rahisi sana kukiita kuku.

Binti Jambiani:

Babu keshatangulia mbele ya haki, ila nitawasomea mama na khaloo zangu haya. Kwa miguu mpaka Jambiani, SubhanaAllah.

Mstaafu wa Shaaban Robert:

Vijana, nimewasoma kwa furaha. Fuvu la zamadamu Zinjanthropus, alilolipata Mary Leakey mwaka 1959 kule Olduvai, limehifadhiwa hapa hapa Dar, Makumbusho ya Taifa. Nimepitisha wanafunzi wengi mbele ya kabati zile. Mbona hatusikii DNA ya wanyama wa Olduvai? Mifupa yenye alama za kukatwa kwa mawe imejaa kule.

Mwana wa Bucha:

Shikamoo mzee. Kinachotuzuia ni joto. Mwaka 2012 watafiti walipima mifupa 158 ya moa, ndege wakubwa wa New Zealand waliotoweka. Wakakuta kwamba katika ardhi yenye wastani wa nyuzi 13, nusu ya vipande vya DNA vya urefu fulani huvunjika kila baada ya miaka 521. Sasa hapa kwetu wastani ni kama nyuzi 26, na uvunjikaji unakwenda mbio zaidi. Mifupa ya Zinj ina miaka kama milioni 1.8. DNA ya umri unaokaribia huo imepatikana kwenye baridi tu: mamothi (ndugu wa tembo waliotoweka) wa Siberia wa zaidi ya miaka milioni moja (2021), na udongo wa kaskazini ya Greenland wa miaka milioni 2 (2022). Huko ni jokofu la Mungu.

Lakini mzee, usikate tamaa. Mwaka 2016 vipande vya protini vilisomwa kutoka maganda ya mayai ya mbuni ya Laetoli, hapa Tanzania, yenye miaka milioni 3.8. Protini ilikuwa imeng'ang'ania madini ya ganda. Na DNA yenyewe nayo, kwa umri mdogo zaidi, ipo nchini kwetu. Mwaka 2022 ilitangazwa DNA ya binadamu wa kale kutoka Mlambalasi karibu na Iringa na Kisese II kule Kondoa, pamoja na Malawi na Zambia, wa kale zaidi wakikaribia miaka 18,000. Mfupa unaohifadhi vizuri kuliko yote ni ule mgumu unaozunguka sikio la ndani. Swala naye anao. Kwa hiyo nikiona mtu anatupa kipande cha fuvu la mnyama kwa sababu hakina pembe wala meno, roho inaniuma.

Mstaafu wa Shaaban Robert:

Marahaba mwanangu. Laetoli miaka milioni 3.8! Niliwapeleka watoto kutazama nyayo, sikuwahi kufikiria mayai.

Ally Mkwajuni:

Swali langu ni moja tu. Hao wazee wetu wa mishale, je, walimaliza wanyama? Maana kila ikizungumzwa ujangili, mtu anasema binadamu ameangamiza wanyama tangu zamani.

Mwana wa Bucha:

Ally, hapa vinasaba vinafanya kazi ambayo mfupa mmoja hauwezi. Ukisoma wanyama wengi wa aina moja wa nyakati tofauti, unapima walivyotofautiana wao kwa wao. Kundi kubwa lina tofauti nyingi. Kundi lililopungua linaanza kufanana kama watoto wa nyumba moja. Kwa hiyo unaweza kuuliza: walianza kupungua lini, kabla ya watu au baada?

Na majibu hayafanani. Chukua moa. Watu wa Polynesia walifika New Zealand kama karne ya 13. Kazi ya 2014 ilikuta moa walikuwa wengi na imara mpaka mlangoni pa wakati huo, hawana dalili ya kudhoofika. Ndani ya kama miaka 200 wakaisha wote. Hapo huwezi kusingizia hali ya hewa.

Sasa nenda kwa baisoni, nyati wenye manyoya wa Alaska na Siberia. Kazi ya 2004 ilionyesha walianza kuporomoka yapata miaka 37,000 iliyopita, muda mrefu kabla watu hawajaenea kule Amerika. Baridi na mabadiliko ya malisho yalikuwa yameshawapiga. Wawindaji wakakuta kundi lililochoka tayari.

Halafu kuna mamothi wa kisiwa cha Wrangel, kaskazini ya Siberia, na hawa nawafikiria mara nyingi kwa sababu ya Kuumbi. Bahari iliwazingira kama ilivyowazingira punda milia wa Unguja. Kazi ya 2024 inasema kundi lilianzia na wanyama wasiozidi wanane, likapanda hadi 200 au 300, likaishi hivyo miaka 6,000. Walikufa kama miaka 4,000 iliyopita, piramidi kubwa ya Misri ikiwa imeshasimama. Alama za kwanza za watu kisiwani ni za baada yao. Walibeba kasoro za kuoana ndugu kwa vizazi vyote hivyo, ila si hizo zilizowaua taratibu, mwisho wao ulikuja kwa ghafla.

Kwa hiyo mtu akisema "binadamu ameangamiza tangu zamani", mwulize mnyama yupi na wapi. Hadzabe wanawinda Eyasi kwa upinde mpaka leo, na utafutaji wa chakula kule una maelfu ya miaka. Mashariki ya Afrika wanyama walikua pamoja na mwindaji, wakajua kumkimbia. Moa hakuwahi kumwona mtu. Na jangili wa bunduki anayesaka pembe za kuuza ng'ambo si mrithi wa mtu wa pangoni aliyevunja mfupa apate uloto.

Mama Samaki Feri:

Mwanangu umenigusa hapo mwisho. Sisi wa Feri tunaona samaki wanavyopungua ukubwa mwaka hadi mwaka. Hiyo DNA inaweza kusema kama walikuwa wanakula dume au jike? Maana ukivua wenye mayai ndiyo unamaliza.

Mwana wa Bucha:

Mama, shikamoo, inaweza. Kwa wanyama na ndege, vinasaba vya jinsia hutofautiana, na hata kipande kidogo kinatosha kikiwa kimehifadhika. Moa hao hao ni mfano. Zamani ilidhaniwa wale wakubwa ni spishi nyingi, wakubwa sana na wadogo. Mwaka 2003 DNA ikaonyesha wakubwa ni majike na wadogo ni madume yao, jike akifika karibu mara tatu ya uzito wa dume. Ukishajua hilo unaweza kurudi jalalani kwa wawindaji ukahesabu: walichinja majike zaidi? Ni hesabu hiyo hiyo unayoifanya wewe na mayai ya samaki.

Kijana wa Sayansi:

Mimi nina donge. Kwa nini mifupa yetu ipande ndege kila siku? Napita COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, pale Kijitonyama kila asubuhi, vibali vinatoka, sampuli zinakwenda Ulaya na Marekani, tunabaki kusoma majibu. Na kutoboa ni kuharibu, kipande kikisagwa hakirudi.

Mwana wa Bucha:

Donge lako ni langu pia. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 iliweka mali hizi chini ya dola, kibali ni lazima, na hilo ni sawa. Kinachokosekana ni chumba safi cha kazi hii hapa nyumbani na watu wetu ndani yake. Vijana tunao, akina Fundi Sampuli hawa wanajua PCR usingizini.

Kuhusu kuharibu, njia zinaboreka. Mwaka 2023 watafiti wa Leipzig walichukua kidani cha jino la wapiti, kulungu mkubwa wa nchi za baridi, kutoka pango la Denisova huko Siberia. Hawakukitoboa. Walikiweka kwenye maji ya fosfeti, wakapandisha joto hatua kwa hatua mpaka nyuzi 90, DNA ikatoka. Wakapata ya mnyama, na pia ya mwanamke aliyekivaa au kukishika, jasho lake liliingia kwenye jino. Umri wake ni kati ya miaka 19,000 na 25,000. Kidani kiko vile vile. Ila kule ni baridi, na vijiti vyetu vya joto bado vitahitaji kusagwa. Ndiyo maana nasema sageni vile visivyo na umbo, bora kuliko jino zuri.

Na tusisubiri maabara ndipo tuhifadhi. Wafaransa waliwahi kulinganisha mifupa ya fahali mmoja wa porini wa miaka 3,200. Mingine ilichimbwa 1947 ikaoshwa na kukaa kwenye maboksi, mingine ikachimbwa 2004. Iliyochimbwa 2004 ilitoa DNA. Ile ya 1947 haikutoa. Miaka 57 ya stoo iliharibu kuliko miaka 3,200 ya udongo. Na hiyo ni stoo ya Ufaransa. Fikirieni stoo yenye bati, mwezi wa pili, hapa Dar.

Kijana wa Sayansi:

Hii ya stoo sikuijua. Imeniumiza kuliko ya ndege.

Mkuranga Juu:

Nimesoma kimya kimya tangu mwanzo, sasa nimelazimika. Wiki iliyopita tukichimba shimo la choo Mkuranga tulikuta meno na vipande vya mfupa chini ya udongo mwekundu, pamoja na mawe yaliyochongeka makali. Vijana walitaka kuosha. Mengine bado yako kwenye ukuta wa shimo. Nifanyeje?

Mwana wa Bucha:

Kaka, simamisha kuchimba upande huo, na wasioshe! Maji ya bomba huingiza vijidudu na kuondoa kilichobaki. Yaliyo ukutani yaacheni ukutani, funikeni kwa turubai mvua isiingie. Yaliyotoka weka kwenye mfuko wa karatasi, si rambo, rambo hutoa jasho. Usishike kwa mkono mtupu. Weka kivulini pakavu, mbali na jiko. Piga picha yakiwa na rula, andika kina cha shimo. Hata vijiti vidogo viwekeni, tena hivyo ndivyo muhimu. Inaweza kuwa ng'ombe wa babu wa jirani, lakini mawe yale yananifanya nisiwe na haraka. Toa taarifa ofisi ya utamaduni ya wilaya, wao watawafikia watu wa Mambo ya Kale. Ukiruhusu, nami nitakuja Jumamosi na gari la asubuhi kutoka Mbagala.

Mkuranga Juu:

Nimeshampigia mdogo wangu, turubai limewekwa. Kuna vijiti vilikuwa vimetupwa kwenye lundo la udongo, amekaa na chekecheke anavitafuta. Njoo Jumamosi, tutakupokea stendi.